Mwenye barafu ndiye mwenye bei: miaka sita kwenye daftari la tajiri wa samaki, Lamu

#1 MwanaDaftari (mwenye uzi)

Assalaam aleikum wadau. Juzi nilikuwa kwenye boti ya kutoka Mokowe kuvukia Amu, na kijana mmoja wa chuo akawa anamwambia mwenzake kwa sauti ya kumfikia hata nahodha: "Hawa matajiri wa samaki ni wanyonyaji tu, wangefungwa wote." Boti nzima ikaitikia. Mimi nikatazama maji. Miaka sita nimeandika daftari la ami yangu aliyekuwa akinunua samaki kwenye kijiji kimoja upande wa Pate, kwa hivyo huyo mnyonyaji kalamu yake nilikuwa mimi.

Kwa mgeni wa mambo haya: huku "tajiri" si lazima awe na ghorofa. Ni yule anayekupa nyavu, mafuta ya mashine na barafu kabla hujatoka, nawe ukirudi samaki wako ni wake. Ami alikuwa na majokofu matatu, jenereta lenye kikohozi, na deni lake mwenyewe kwa tajiri mkubwa zaidi aliyeko Mombasa. Daftari lilikuwa na safu tatu. Ya kwanza samaki: aina, kilo, bei. Ya pili mafuta na barafu. Ya tatu tukiiita "ya nyumbani". Kaskazi ikivuma safu hii ilikuwa nyeupe, watu wana pesa zao. Kusi ikiingia, bahari imechafuka na mashua zimepandishwa pwani, safu ya samaki ndiyo inakuwa nyeupe na ya nyumbani inajaa: unga kilo nne, sukari, nauli ya hospitali, karo, sanda. Naam, sanda pia. Riba haikuandikwa popote. Ami ni mtu wa safu ya mbele msikitini, neno lenyewe hakutaka hata lisemwe dukani kwake.

Basi alipata wapi? Kwenye bei. Tafi wa mvuvi asiye na deni alinunuliwa shilingi 220 kwa kilo. Wa mwenye deni, 180. Kila mtu alijua na hakuna aliyefichwa.

Mwaka wa tatu nikaingiwa na hamu ya hesabu. Nikamchukua mvuvi mmoja, si hodari wala si mzembe. Mwaka ule alituletea karibu kilo 1,400. Zidisha kwa 40, ni 56,000. Deni lake lilikuwa likipanda na kushuka, wastani wake kama 35,000. Yaani alilipa elfu hamsini na sita ndani ya mwaka kwa kukopeshwa elfu thelathini na tano, na deni lenyewe bado liko pale pale limekaa kitako. Hata wale wanaokopesha kwa simu wangeona haya. Nikamwendea ami na karatasi yangu mkononi, kifua mbele.

Hakukasirika. Alinifungulia kurasa za nyuma za daftari, zile nilizokuwa sizifungui kwa sababu hazikuwa na kazi. Majina ya watu wasioleta samaki tena. Mmoja alikufa maji. Mmoja mgongo ulimshinda. Mmoja alihamia Kiunga kwa wakweze. Wawili walikwenda Malindi usiku, na nyavu zetu. "Hawa nani awalipie?" akaniuliza. Sikuwa na jibu, nikarudi kujumlisha upya.

Nilichogundua ni kwamba ile shilingi 40 haikuwa kitu kimoja. Ndani yake kulikuwa na malipo ya pesa kukaa kwa mtu, kulikuwa na hasara ya waliotoroka, na kulikuwa na bima ya kusi (kwani bima ni nini kama si mtu wa kukupa unga siku huna kitu?). Na kulikuwa na cha nne ambacho ami hakukitaja: mvuvi hakuwa na mwingine wa kumuuzia.

Sasa hicho cha nne ni shilingi ngapi kati ya arubaini? Hapa ndipo watu hubishana barazani mpaka adhana ya isha, huyu "unyonyaji", yule "msaada", na hakuna anayeweza kupima. Mimi nilipata bahati ya kupima. Barabara ya Garsen ilipowekwa lami akaja mnunuzi wa pili. Lori lake la barafu linasimama Mokowe, boti yake inafika kijijini kila jioni. Huyo hakumkopesha mtu hata kibiriti. Ndani ya msimu mmoja bei ya asiye na deni kwetu ilifika 240, na ya mwenye deni ikafika 225. Ami ndiye aliyepandisha mwenyewe, kwa mkono wangu. Bei aliyokuwa akilipwa yeye Mombasa haikusogea cha maana msimu ule, niliiangalia makusudi. Wakopaji ni wale wale, kusi ni ile ile, watoro ni wale wale. Tofauti ya 40 ikawa 15, na ami hakufilisika. Alinuna tu.

Kwa hivyo kwa kijiji chetu, msimu ule, msaada ulikuwa unagharimu kama shilingi 15. Ile 25 iliyobaki ilikuwa ni upweke wa ami sokoni. Na angalieni wale waliojiona huru: kumbe nao walikuwa wakikatwa 20 bila kujua, maana kutokuwa na deni hakukuwapa mnunuzi wa pili. Mwaka uliofuata mashine ya yule bwana iliharibika, akaacha kuja. Bei ikarudi 220 na 185.

Wanauchumi wana jina la hali hii. Ukiritimba tunaouzoea ni wa muuzaji mmoja. Mwaka 1933 mwanamke wa Cambridge, Joan Robinson, ndiye aliyeusambaza ule wa upande wa pili, wa mnunuzi mmoja (kwa Kiingereza "monopsony"), akionyesha kwamba mnunuzi wa namna hiyo hahitaji kuwa mwovu ili alipe chini ya thamani. Inatosha awe peke yake.

Hoja yangu ni hii, kisha nipigeni mawe. Kila anayetaka kura huku hutuahidi kuvunja minyororo ya madeni. Mnatazama kamba mkasahau kigingi. Mvuvi asiye na deni akirudi saa tano na jua la Lamu, bila barafu, ana saa chache tu kabla bidhaa yake haijawa uvundo, na mwenye barafu anajua hivyo. Futa deni leo uache barafu mkononi mwa mtu mmoja, kusi ijayo bei itakuwa ile ile, ila safu ya tatu haitakuwepo.

#2 Mwanachuo_Mvita

Uzi mzuri, dada, lakini tatizo ulilolieleza lina dawa na imeshapimwa. Robert Jensen alitoa utafiti mwaka 2007 kuhusu wavuvi wa Kerala, India. Simu za mkononi zilipoingia pwani ile kati ya 1997 na 2001, wavuvi walianza kupiga wakiwa baharini kuuliza soko gani lina bei. Kabla ya hapo pwani moja samaki wanatupwa kwa kukosa mnunuzi, na kilomita chache mbele wanunuzi wanarudi na vikapu vitupu. Baadaye bei zikakaribiana, kutupa kukaisha, faida ya mvuvi ikapanda kama asilimia 8 na mlaji akanunua kwa bei iliyoshuka kama asilimia 4. Na samaki wenyewe walikuwa dagaa, wale mnaowaita simu. Simu iliuza simu! Habari ya bei ndiyo nguvu. Sisi tuna M-Pesa tangu 2007, tunashindwa nini?

#3 Nahodha_Mstaafu

Mwanangu wa Mvita, nimekusoma na miwani miwili. Simu ninayo tangu zile za antena. Nikiwa nyuma ya Kiwayu nampigia shemeji yangu Malindi ananiambia nguru leo ni bei kadhaa, moyo unafurahi. Halafu? Mafuta ya kufika Malindi ninayo? Barafu niliyonayo ni ya nani? Nikimpelekea mwingine, kesho nani atanipa ya kutokea? Hao Wahindi wako wangeweza kugeuza omo wakenda pwani nyingine siku ile ile. Simu ilinipa kujua kiasi ninachopunjwa, hadi shilingi ya mwisho. Kabla ya hapo nilikuwa nalala vizuri zaidi.

#4 MwanaDaftari

Nahodha umenimalizia kazi. Naongeza moja tu kwa Mwanachuo: kule waliopima walipima pwani ambako mvuvi aliweza kuchagua pa kutua. Habari bila pa kwenda nayo ni maumivu tu. Sisemi simu haikusaidia kabisa. Ami alipojua kwamba wanajua, lugha ilibadilika, akaanza kueleza bei badala ya kuitangaza. Bei yenyewe haikubadilika.

#5 Ustadh_wa_Langoni

Bibie, shukran kwa uaminifu wako, lakini usiitakase biashara ya ami yako kwa kuwa neno riba halikuandikwa. Kanuni ya mafaqihi ni kwamba kila mkopo unaovuta manufaa kwa mkopeshaji una harufu ya riba. Umemkopesha mtu kwa sharti akuuzie wewe tu, tena kwa bei ya chini. Hayo manufaa si yamevutwa? Atakayesema hii ni salam, yaani kulipia leo bidhaa ya kuletwa baadaye, salam ina masharti yake: bei ilipwe yote mwanzoni, aina na kipimo na wakati vijulikane. Nyinyi bei mliitaja samaki alipokuwa mizani tayari.

Na lipo lingine linalogusa moja kwa moja habari ya simu na barafu. Mtume (s.a.w.) alikataza watu kwenda kuupokea msafara njiani na kununua bidhaa kabla mwenyewe hajafika sokoni akaijua bei. Tena imepokewa kwamba muuzaji akifika sokoni ana hiari ya kuvunja mauzo. Karne kumi na nne zimepita. Hao wa Cambridge wamechelewa.

Njia safi ni kutenganisha. Ukikopesha, iwe karadha hasana, mkopo mwema. Ukinunua, nunua kwa bei ya soko.

#6 MwanaDaftari

Ustadh, nakubali yote na aya ya mwisho ndiyo inayonikosesha usingizi. Tukitenganisha hivyo, kurasa za nyuma analipa nani? Ami si Beit-ul-Mal, hazina ya umma wa Waislamu. Akikopesha mwema mara kumi na watatu wakatoroka, mwaka wa pili hakopeshi.

#7 Ustadh_wa_Langoni

Umelitaja mwenyewe. Katika mafungu manane ya zaka, moja ni la wenye kulemewa na deni. Sisi tumezoea zaka ya mfuko wa mchele Ramadhani, picha, basi. Kusi haiji Ramadhani kila mwaka.

#8 Kijana_wa_Mkomani

Mnazunguka sana. Kaunti itangaze bei ya chini ya samaki, atakayenunua chini yake anyang'anywe leseni. Na hizo shilingi 15 za kila kilo kwa mwenye deni nazo zipigwe marufuku. Kukopa harusi, kulipa matanga.

#9 MwanaDaftari

Kijana, hasira yako naijua, ndiyo niliyokwenda nayo kwa ami na karatasi. Lakini tumeshajaribu nchini mambo yanayofanana na hayo. Mwaka 2016 sheria ilifunga riba za benki zisipite pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Sote tulishangilia. Benki zikafanya nini? Zikatazama mteja mdogo asiye na dhamana, zikaona kwa bei ile hafai kuhangaikiwa, pesa zikapelekwa kukopesha serikali ambayo haitoroki usiku na nyavu. Novemba 2019 kikomo kikaondolewa. Unga wa shilingi 90 mwaka 2017, wakumbuka? Bei ilikuwa imeandikwa wazi kwenye pakiti, ila pakiti yenyewe uipate. Dukani kwetu ilikuwa kwa kujuana.

Bei ya chini ya samaki inaweza kufanya kazi mahali penye mnunuzi mmoja anayelipa chini ya thamani, hilo nadharia yenyewe inakubali, na hesabu yangu ya 225 inaonyesha nafasi ipo. Tatizo ni mizani. Ukimwambia ami bei isishuke chini ya 230, atasema samaki huyu ni daraja la pili. Nani yuko kijijini saa moja usiku wa kumwambia si kweli? Mimi ndiye niliyekuwa nashika tochi.

#10 Mama_Karanga_Malindi

Nyote mnaongea mvuvi, tajiri, mvuvi, tajiri. Mimi nakaanga samaki hapa Malindi miaka na miaka, na wanangu wamesoma kwa karai hili. Mnunuzi wa pili akija na lori la barafu kila mtu anapiga makofi. Mimi nalia. Kabla ya barafu, samaki wa saa kumi jioni walikuwa wangu. Walikuwa hawawezi kulala, basi wananiuzia kwa bei ya kunionea huruma, nawe mama wa mtaa unakula samaki kwa shilingi thelathini kipande. Barafu ikiwepo samaki hana haraka tena. Anangoja hoteli, anangoja Mombasa. Mimi napata vichwa na simu. Hebu lipigie hesabu na hilo, mwanangu, maana kwenye daftari lako sijaona safu yangu.

#11 MwanaDaftari

Mama, shikamoo. Kweli safu yako haikuwepo. Ami alikuwa akiandika "wa kukaanga" kwenye kipande cha karatasi pembeni na mwisho wa siku kinatupwa. Nimekaa na bandiko lako tangu asubuhi nikitafuta jibu la kukupendeza, sina. Uvundo ule ule uliomnyima mvuvi nguvu ndio uliokupa wewe samaki wa bei nafuu. Barafu ikizidi, mvuvi anapata, wewe na wateja wako mnapoteza. Kuna watakaosema mvuvi akipata zaidi atanunua zaidi na kila mtu atapata. Labda, ila mvuvi wa Pate hanunui kwenye karai la Malindi.

#12 Mtu_wa_Mashua

Kwani fidia ya bandari haitatui hili? Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Watu kama 4,600. Gawa sawa, ni karibu laki tatu na elfu themanini kwa kila mmoja. Deni la 35,000 si unalilipa na chenji inabaki?

#13 Nahodha_Mstaafu

Fidia hiyo watu waliijengea nyumba mara ngapi kabla haijafika? Kulipa deni ni siku moja, bwana. Swali la binti wa daftari ni siku ya pili yake barafu wapata wapi.

#14 Katibu_Zamani

Nimekuwa katibu wa kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, zile BMU (Beach Management Unit) zilizowekwa kwa kanuni za 2007, sitataja wapi. Sisi mtambo wa barafu tuliletewa. Siku ya kuzindua tukapiga ngoma, wakubwa wakala biriani, wakaondoka. Miezi minane ukazima.

Haukuharibika. Tulishindwa na umeme, na umeme tulishindwa kwa sababu barafu iligawiwa kwa undugu. Mjumbe anachukua ndoo nne "nitalipa Ijumaa". Wa pili akiona hivyo naye halipi. Kila mmoja ana akili timamu, na kwa pamoja tumeua mtambo. Baadaye nikasoma habari za Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009. Alichunguza habari za vikundi vya wavuvi na wakulima wa maji ya kumwagilia akaona mali ya pamoja si lazima ife, kama wanavyosema wengi. Inadumu pale watumiaji wanapojitungia sheria wenyewe, wanapolindana, na adhabu inapoanza ndogo na kupanda. Sisi sheria zetu zilikuja zimeshachapishwa, na muhuri. Adhabu ilikuwa moja tu, kufukuzwa, na nani atamfukuza mjomba wake kwa ndoo ya barafu?

Ningeanza upya, ningeuza barafu taslimu kwa kila mtu, mwanachama na asiye mwanachama, hata kwa ami yako. Mikopo ingekaa kwenye kitabu kingine kabisa, chumba kingine, mtu mwingine. Ndoo mbili za mwisho wa siku ningemwachia mama karanga kwa bei ya chini, iandikwe ukutani ili isije ikawa ya shemeji.

#15 MwanaDaftari

Katibu, hilo la kitabu kingine na chumba kingine ndilo alilosema Ustadh, kwa njia ya baharini.

#16 Mgeni_2231

Nimejisajili leo kwa ajili ya uzi huu tu. Mimi nimo kurasa za nyuma. Sitaji kijiji, wewe utajua. Nilikwenda Malindi usiku, kweli, lakini nyavu zilikuwa tayari zimekatika kwa mwamba na kusi ilikuwa ndefu mwaka ule, na nilijua nikingoja mpaka Septemba deni litakuwa haliwezekani kubebwa na mwanadamu. Kukimbia ndiyo bima niliyokuwa nayo. Hapa nikapata tajiri mwingine, mwezi wa kwanza alinipa bei ya huru, wa pili akanipa mashine ya mkopo. Unajua kilichofuata. Nakumbuka ni elfu kumi na mbili na mia tano. Ami yu hali gani?

#17 MwanaDaftari

Mikono inatetemeka. Nimelitafuta daftari limekaa chini ya kitanda na panya wamekula pembe. Linasema 12,350. Ami yuko, macho ndiyo yamepungua, nimemsomea bandiko lako mara mbili. Amecheka kwanza, halafu akanyamaza sana. Anasema pesa hataki, ukija njoo na nguru wa kilo nane hivi. Ila atampima kwa bei ya mwenye deni.